Unataka Kuvuta Trela na Gari Yako ya Kawaida? Soma Hii Kabla ya Kutuma Arbuni

Utange inajengwa. Ukitoka barabara kuu ya Malindi ukaingia ndani, kila baada ya nyumba mbili tatu kuna mchanga umemwagwa, mawe yamepangwa, na mahali fulani kuna mashine ya zege inanguruma. Swali ambalo watu wengi hawajiulizi ni hili: ile mashine ilifikaje pale? Si kwa lori kila mara. Mara nyingi imekuja ikivutwa nyuma ya pikapu, au nyuma ya Probox ya mtu, na yule mtu alilipwa kwa simu.

Na si mashine za zege pekee. Kuna wanaovuta jenereta za harusi, wanaovuta trela za mahema na viti, wanaovuta tangi la maji wakati mifereji imekauka, na upande wa Mtwapa kuna wanaovuta boti kuzipeleka majini. Wote wana kitu kimoja sawa: gari ya kawaida mbele, mzigo wenye magurudumu nyuma, na pesa iliyotumwa kabla ya kazi kuanza.

Sisi ni watu wa pesa kwa simu, kwa hivyo unaweza kuuliza trela inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu kazi ya aina hii hupoteza pesa kwa njia mbili. Ya kwanza ni utapeli, ambao tunauzungumzia kila siku hapa. Ya pili ni ajali moja ambayo bima inakataa kulipa, na hapo akiba ya miaka mitano inaisha kwa alasiri moja. Hii ya pili inazungumziwa kidogo sana, kwa hivyo leo tunaanza nayo.

Gari yako inaweza kuvuta kilo ngapi?

Watu wengi hupima kwa nguvu ya injini. "Gari inavuta vizuri tu, haina shida." Lakini kuvuta si tatizo. Hata Vitz inaweza kuvuta tani moja kwenye tambarare kama hujali klachi au giaboksi yako. Tatizo ni kusimama. Trela nyingi ndogo tulizo nazo huku hazina breki zake zenyewe. Kwa hivyo breki za gari yako, ambazo zilitengenezwa kusimamisha gari na abiria wake, sasa zinasimamisha gari, abiria, trela na mzigo.

Jibu la kwanza liko kwenye kitabu cha gari, pale mtengenezaji anapoandika uzito wa mwisho wa kuvuta. Shida ni kwamba gari nyingi zetu zimetoka Japani na kitabu, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Gari nyingine ndogo hazikukusudiwa kuvuta chochote, na mtengenezaji hakuandika kiwango kabisa. Kama hakuna kiwango, usikibuni wewe.

Kuna kipimo cha Uingereza ambacho kinasaidia kufikiria, hata kama si sheria ya hapa. Kule, trela isiyo na breki haipaswi kuzidi nusu ya uzito wa gari inayoivuta, na hata gari ikiwa kubwa namna gani, haipaswi kupita kilo 750. Tufanye hesabu ya Utange sasa. Probox ina uzito wa kilo elfu moja na kidogo. Nusu yake ni kama kilo 525. Tuseme trela tupu ni kilo 250. Imebaki kilo 275 za mzigo. Mfuko wa simiti ni kilo 50, kwa hivyo ni mifuko mitano. Mitano, si ishirini. Mifuko ishirini ni tani moja kamili, na nimeona kwa macho yangu trela ikibeba zaidi ya hiyo ikishuka mteremko huku dereva amepumzisha mkono dirishani.

Maji ndiyo yanadanganya watu zaidi. Lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 500 ni nusu tani kabla hujahesabu tangi lenyewe na trela. Na tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu maji yanacheza. Ukipiga breki yanakimbilia mbele, ukikata kona yanakimbilia upande, na gari inavutwa pale yanapotaka kwenda. Kama lazima ubebe maji, jaza tangi dogo mpaka juu badala ya kujaza kubwa nusu.

Mzigo ukae wapi?

Hapa pana siri ambayo madereva wa trela wazoefu wanaijua na wapakiaji wengi hawaijui. Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli ya trela, si nyuma. Kwa makadirio, sehemu kubwa kidogo ya nusu, kama asilimia 60, iwe upande wa mbele. Ukiweka uzito nyuma, pua ya trela inainuka, inainua na mkia wa gari yako, na magurudumu ya nyuma yanakosa mshiko. Kisha ukifika mwendo fulani, trela inaanza kucheza kushoto kulia kama mkia wa samaki. Matatu ikikupita kwa kasi pale Bamburi, ule upepo wake pekee unatosha kuanzisha huo mchezo.

Lakini usiende mbele sana pia. Pua ikiwa nzito mno, nyuma ya gari inakaa chini, taa za mbele zinaangaza miembe, na usukani unakuwa mwepesi kwa sababu magurudumu ya mbele yameinuliwa. Kiwango kinachotumika sana ni pua kubeba kama asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote wa trela. Trela ya kilo 500, basi pua iwe na kilo 25 hadi 50. Unaweza kupima kwa mizani ya kawaida ya kupima mtu: weka trela sawasawa, si imeinama, pumzisha pua juu ya mizani, soma. Dakika mbili tu.

Ikishaanza kucheza njiani, kitu ambacho mwili wako utakuambia ufanye ni kukanyaga breki kwa nguvu. Usifanye hivyo. Toa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani ukiwa umenyooka, acha mwendo ushuke wenyewe. Usijaribu kupambana nayo kwa kuzungusha usukani, utaiongezea. Ikitulia, simama mahali salama upange mzigo upya. Usiseme "imeshatulia, twende." Ilicheza kwa sababu, na sababu hiyo bado iko.

Kichwa, kikombe na mnyororo

Sehemu ya kuunganisha ina vitu viwili: kichwa cha chuma cha mviringo kilichofungwa nyuma ya gari, na kikombe cha trela kinachokifunika na kujifunga. Vinafanana duniani kote, ila havilingani. Kuna vichwa vya milimita 50, ambavyo ndivyo vya Ulaya, na kuna vya inchi mbili vya mtindo wa Marekani, ambavyo ni milimita 50.8. Tofauti haifiki milimita moja, huwezi kuiona kwa macho. Lakini kikombe cha inchi mbili juu ya kichwa cha milimita 50 kinabaki na nafasi, na kila tuta na kila shimo linakipanua kidogo. Huku kwetu ambako gari imetoka Japani, trela imechomelewa Mombasa na kikombe kimetoka kwenye duka la vyuma kuukuu, kuuliza saizi si ushamba. Kwa kawaida saizi huwa imechapwa juu ya chuma chenyewe. Futa kutu usome.

Ukishafunga, fanya jaribio moja. Inua pua ya trela kwa jeki au kwa mikono ya watu wawili. Kama kikombe kimefunga kweli, nyuma ya gari itainuka pamoja nayo. Kama kikombe kinachomoka, umeokoa maisha ya mtu.

Kisha minyororo. Iwe miwili, na ipishane chini ya pua kama herufi X. Sababu ya kuipishanisha ni kwamba kikombe kikichomoka, pua inaangukia juu ya ule msalaba badala ya kujichimbia kwenye lami. Iwe mirefu ya kutosha kukata kona, mifupi ya kutosha isiburute. Kamba ya manila haihesabiki. Waya wa kufungia nondo hauhesabiki. Najua tunaupenda ule waya, unatengeneza kila kitu pwani hii, lakini hapa hapana.

Jambo jingine la kwetu ni chumvi. Trela nyingi hukaa miezi chini ya mwembe bila kazi, halafu siku ya kumwaga slebu inavutwa ghafla. Upepo wa bahari umeshakula nati, beringi zimekauka grisi, na magurudumu yamepasuka pembeni kwa jua ingawa meno yake bado ni mapya. Angalia ubavuni mwa tairi kuna nambari nne mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. Ikiwa 2316, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Sasa unajua umri wake bila kumuuliza mwenye trela. Ukifika mwendo wa kilomita kadhaa, simama, weka mkono karibu na kila kikombe cha gurudumu. Kama kimoja kina joto kali kuliko mwenzake, beringi inakufa.

Sheria inasema nini

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inahesabu trela kuwa chombo kinachopaswa kusajiliwa. Ndiyo maana trela zina nambari zake zenyewe, na za Kenya huanza na herufi Z. Ile tabia ya kuchukua kipande cha mbao na kuandika nambari ya gari kwa rangi nyeupe si usajili. Kulingana na kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016, kutoweka nambari za usajili kama inavyotakiwa ni faini ya Sh10,000. Hiyo pekee inaweza kula faida yote ya siku ya kukodisha mashine.

Taa nazo. Gari yako ina taa za breki, lakini trela imezifunika. Aliye nyuma yako haoni chochote. Kwa hivyo trela iwe na taa zake za breki, za kukata kona na za usiku, zilizounganishwa kwa waya wa plagi kwenye gari, pamoja na viakisi vyekundu nyuma. Mtu mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma aangalie. Mkiwa wawili ni kazi ya sekunde thelathini. Kama taa hazifanyi kazi, usisafiri usiku, na usijidanganye kwamba Utange hadi Kiembeni ni karibu. Bodaboda asiye na taa nzuri na trela isiyo na taa wakikutana gizani, umbali hauna maana.

Leseni pia iangalie. Daraja B ni la gari ndogo. Lori zito lenye trela lina daraja lake, CE. Kama unataka kufanya kazi ya kuvuta iwe biashara, angalia leseni yako inasema nini kwenye akaunti yako ya NTSA kabla ya kupokea kazi ya kwanza. Na mwendo: mjini na kwenye vituo vya biashara ni kilomita 50 kwa saa kwa kila mtu. Kwa mwendo huo unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mwenye trela anahitaji nafasi ya sekunde nne hivi mbele yake, yaani zaidi ya mita 50. Ndiyo, matatu itaingia kwenye hiyo nafasi. Iache iingie, rudi nyuma tena.

Sasa tufike kwa bima, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotelea

Bima ya lazima kwa kila gari Kenya iko chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405. Inashughulikia kifo au majeraha ya watu wengine, na kuna kikomo cha Sh3 milioni kwa dai. Soma tena: watu wengine, kifo au majeraha. Sheria hiyo haikulazimishi kukinga mashine ya zege uliyokodi. Haikulazimishi kukinga ukuta wa jirani. Haikulazimishi kukinga mzigo wa mteja. Kama unavitaka vikingwe, ni wewe wa kuviomba na kuvilipia.

Kisha kuna swali la matumizi. Cheti chako kimeandikwa matumizi ya binafsi au ya biashara? Ukivuta trela yako ya mahema kwenda kwenye harusi ya binamu yako, ni jambo moja. Ukilipwa Sh3,000 kuvuta mashine ya mtu kutoka Mtopanga hadi Utange, umefanya biashara kwa cheti cha binafsi. Siku ya ajali kampuni ya bima itauliza ulikuwa unafanya nini, na ujumbe wa malipo kwenye simu yako utajibu kabla hujafungua mdomo. Kampuni inaweza kukataa dai, au ikalipa aliyeumia halafu ikageuka kukudai wewe.

Na trela yenyewe? Usidhani imeingia kwenye bima ya gari kwa sababu imefungwa nyuma yake. Mpigie simu wakala wako, muulize maswali mawili: trela hii imekingwa ikiwa imeunganishwa? Na ikichomoka ikaenda zake, bado imekingwa? Mwambie akujibu kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha kwa kuanzia. Majibu ya mdomo yana tabia ya kusahaulika. Vyeti vya bima ya gari siku hizi ni vya kidijitali, kwa hivyo ukinunua, hakikisha unapata cha kwako chenye nambari sahihi ya gari. Lipa kwa nambari ya malipo ya kampuni, si kwa laini ya wakala. Wakala anaweza kuwa mtu mzuri sana, lakini pesa ikiingia laini yake bila kufika kampuni, wewe huna bima.

Kukodi trela au mashine bila kulia

Tuseme mama mmoja wa Utange anamwaga slebu Jumamosi. Fundi amempa namba ya mtu mwenye mashine. Mtu huyo anamwambia, "Mama, tuma elfu tano ya kushika, kuna mwingine anaitaka." Arbuni yenyewe si vibaya, ni desturi ya biashara tangu zamani. Vibaya ni kutuma kabla ya kuona.

Kwanza akaone mashine. Kama ni mbali, amtume kijana wake apige video fupi ionyeshe nambari ya trela na injini ikiwa inawaka. Picha peke yake haitoshi, picha za trela zimejaa mtandaoni na nyingi zimepigwa nchi nyingine kabisa. Kisha amuulize mwenye mashine nambari ya usajili. Kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen unaweza kulipa ada na kupata taarifa za mwenye chombo. Jina likilingana na kitambulisho cha anayekukodisha, vizuri. Lisipolingana, kuna maelezo, na ni haki yako kuyasikia.

Pili, alipe kwa nambari ya biashara kama ipo. Kabla ya kuthibitisha malipo, jina la mpokeaji huonekana kwenye simu. Lisome. Watu wengi wanabonyeza PIN kwa mazoea kama wanafungua mlango wa nyumbani. Kama uliambiwa unamlipa Bwana fulani na kumetokea jina la mtu mwingine, simama hapo hapo. Maelezo ya "hiyo ni laini ya mke wangu" yanaweza kuwa kweli, lakini mwambie akupe namba iliyo kwa jina lake.

Tatu, waandikiane ujumbe. Si lazima wakili. Ujumbe wa kawaida unaosema: nimekodi mashine fulani yenye nambari fulani, kuanzia Jumamosi saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa kiasi hiki, arbuni hii, na inarudishwa kwa masharti haya. Mwenye mashine ajibu "sawa." Ujumbe huo pamoja na ule wa malipo ni ushahidi mzuri kuliko mashahidi kumi waliokuwa wakinywa chai.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, usisubiri hadi jioni. Piga huduma kwa wateja mara moja au omba kurudishiwa kupitia menyu ya simu yako, ukiwa na nambari ya muamala. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna nafasi nzuri ya kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, hadithi inakuwa ndefu.

Na wewe unayekodisha, una hatari zako. Kuna wateja wanaokuonyesha ujumbe wa malipo ambao wameuandika wenyewe. Unafanana kabisa na wa kweli, mpaka nafasi za herufi. Usiangalie simu ya mteja, angalia salio lako. Kama salio halijabadilika, trela haijatoka uani. Na piga video ya trela yako kabla haijaondoka, uionyeshe na tairi zote, ili jioni msibishane kuhusu nani alipasua nini.

Kama unataka kununua trela kabisa, kumbuka kiwango cha kutuma pesa kwa simu ni Sh250,000 kwa muamala mmoja na Sh500,000 kwa siku. Watu hufika sokoni wakakwama hapo. Bora zaidi, usilipe yote mpaka umiliki uhamishwe. Trela iliyosajiliwa inahamishwa kwa jina kama gari, na muuzaji anayekukimbiza ulipe kabla ya hapo ana sababu ambayo hajakuambia.

Mkisimamishwa njiani

Askari akikukuta na kosa, kosa ni kosa, na faini ina njia yake. Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, na nambari ya malipo ya pamoja ni 222222. Faini ya mahakama ina nambari ya kumbukumbu na risiti. Namba ya kawaida ya simu, iwe ya nani, si njia ya kulipa faini. Ukituma pesa huko hujalipa faini, na kosa lako linabaki palepale kwenye kumbukumbu, huku wewe umeacha alama ya hongo kwa jina lako mwenyewe.

Ukiharibikiwa, utakutana na wavutaji. Wengine wanafika kabla hata hujashuka kwenye gari. Patana bei kamili kwanza: ya kuinua, ya kilomita, na ya mahali pa kuweka gari. Iandike kwa ujumbe. Lipa baada ya gari kufika. Na kama mtu wako anakuja kukuvuta kwa kamba, jua kwamba injini ikizimwa usukani na breki vinakuwa vigumu sana, ukanyage kwa mguu mzima. Gari nyingi zetu ni otomatiki, na otomatiki ikivutwa magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, giaboksi inaweza kuungua kabla hamjafika gereji. Bei ya lori la kubeba inaonekana kubwa mpaka uulize bei ya giaboksi. Pembetatu za kuakisi ziweke mbele na nyuma, mbali na gari.

Kurudi nyuma

Kitu cha mwisho, kwa sababu ndipo watu huchekwa na mafundi wote wa mtaa. Trela ikirudi nyuma inakwenda kinyume cha usukani. Weka mkono sehemu ya chini ya usukani. Ukitaka trela iende kushoto, sogeza mkono kushoto. Ukitaka kulia, sogeza kulia. Polepole sana, marekebisho madogo. Ikianza kujikunja kama kiwiko, usilazimishe, nenda mbele uinyooshe uanze tena. Fanya mazoezi trela ikiwa tupu, kwenye uwanja mpana, Jumapili asubuhi kabla ya vijana kuja kucheza mpira. Njia nyingi za ndani za Utange ni nyembamba, mvua ya Mei inazifanya mchanga wa kuzama, na ukishaingia na trela mahali ambapo huwezi kugeuza, njia pekee ya kutoka ni hiyo. Mwache mtu asimame nyuma akuelekeze, mkubaliane ishara kabla, na mwambie asikae kati ya trela na ukuta.